Laini ya Mwisho Ilikuwa Makorora

Mtu akipiga simu na wa kwanza asiitike, nani aitike?

Hilo ndilo swali nililoulizwa saa ya kwanza ya siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na majibu ya maswali mengi ambayo hakuna mtu Tanga aliyekuwa na haja ya kuyauliza. Nikasema simu itakatika. Mzee Anton akanitazama juu ya miwani yake. "Basi huko chuoni hawajawahi kuumwa," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike niliyoyaona. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minane. Sheria haitambui kustaafu kwa namna hiyo, na mama yangu pia hatambui, lakini miaka kumi na minne ya kuulizwa kwa nini mtandao hauko inamtosha mtu mmoja. Vyeo na mishahara sitaviandika. Nitaandika zaidi juu ya rekodi moja iliyokuwa kwenye kikoa, yaani jina la mtandaoni, la mteja wetu, kwa sababu kisa chake nimewasimulia wote, mmoja mmoja, kila mnapoingia kazini, na nimewasimulia vibaya. Someni kwa mashaka. Mimi ningesoma hivyo.

Nilipoanza, duka letu lilikuwa palepale lilipo sasa, Barabara ya Kumi. Mwenye duka, Bwana Nuruddin, alikuwa bado na nguvu za kugombana na kila mtu. Baba yake aliuza taipureta na karatasi za kaboni, yeye akauza kompyuta, kisha akaanza kusajili majina ya vikoa na kufunga simu za mtandao maofisini. Seva ilikuwa chumba cha nyuma, juu ya meza ya mninga iliyobaki tangu zama za taipureta. Mlango wa nyuma ulikuwa na funguo mbili, moja ya Bwana na moja ya Mzee Anton.

Mzee Anton ndiye alikuwa fundi mkuu, nami niliwekwa chini yake. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Wazazi wake walitoka kusini wakiwa manamba, wakafia hukohuko. Akiwa kijana aliketishwa kwenye ubao wa simu wa shamba, kazi yake kuchomeka waya kuunganisha ofisi na kiwanda, kiwanda na hospitali, hospitali na nyumba ya meneja. Ubao ulipoondolewa akajifunza kompyuta mwenyewe. Ndivyo alivyosema. Mimi niliposikia "mwenyewe" nilielewa kwamba hakujifunza. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi yenye mpini uliozungushiwa plasta ya hospitali, penseli iliyofungwa uzi, na daftari la hesabu, lile la miraba, ambamo aliandika kila kitu badala ya kukiandika kwenye nyaraka za kompyuta kama nilivyofundishwa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, na kila asubuhi nilimtafutia kosa.

Sikulipata haraka. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni rekodi za huduma, na hadi leo sijasikia maelezo yaliyo mafupi kuliko yake.

"Rekodi ya kawaida," alisema, "inakwambia shamba liko wapi. Basi. Rekodi ya huduma inakwambia ukifika shambani, mwenye kazi unayoitaka ni nani, yuko mlango wa ngapi, na asipokuwepo umwite nani."

Kwa hiyo mstari wa rekodi ya huduma una jina la huduma, kisha namba ya kipaumbele, namba ya uzito, namba ya mlango, na mwisho jina la mashine. Kipaumbele ndicho kinachowachanganya wageni. Namba ndogo hutangulia. Mwenye kumi huulizwa kabla ya mwenye ishirini, na mwenye ishirini haulizwi kabisa maadamu wa kumi anaitika. "Kama foleni ya daktari," Mzee alisema. "Namba ndogo ndiye mkubwa." Uzito ni wa kugawana kazi kati ya waliolingana kipaumbele; mkiwa na mashine moja moja, msijisumbue nao. Jina la mashine liwe lile lake la asili, lenye anwani yake yenyewe, lisiwe jina la kupanga linaloelekeza kwingine. Mkikosea hapo, baadhi ya simu zitakubali na baadhi zitakataa, nanyi mtamaliza wiki mkimlaumu aliyeuza simu. Na kabla ya kubadilisha chochote, siku moja mapema punguzeni muda ambao mashine za nje huikumbuka rekodi. Nilipuuza hilo mara moja, na hoteli nzima ikapigiwa simu kupitia mashine tuliyokwisha kuiuza.

Mteja wetu mgumu alikuwa hospitali ndogo ya kanisa hapa mjini, yenye zahanati mbili za mbali, moja Amani juu msituni na nyingine Mkwaja. Zahanati zote mbili zilikuwa na dishi la mtandao na simu ya mezani inayopitia humo, kwa sababu simu ya mkononi ilishika hapa na pale tu, na Mkwaja mpaka utembee hadi karibu na shule. Nesi akiinua simu, kisanduku cha simu kiliuliza kikoa cha hospitali: huduma ya simu ni nani? Kikoa kilijibu: seva ya Barabara ya Kumi. Seva yetu ndiyo iliyompeleka kwa daktari au kwa dereva wa gari la wagonjwa.

Katika mwaka wangu wa tatu nilipewa kazi ya kuorodhesha rekodi zote za wateja. Mzee alinipa daftari lake. Sikulitaka. Nilikiuliza kikoa chenyewe, na hilo nawausia mpaka leo, maana nyaraka husema watu walichokusudia. Kwa hospitali nilitegemea mstari mmoja, wenye kipaumbele kumi. Ilirudi miwili. Wa pili ulikuwa na kipaumbele tisini, ukielekeza kwenye mashine ambayo haikuwa yetu wala ya hospitali. Nikaifuatilia anwani yake. Ilikuwa laini ya mtandao wa nyumbani, Makorora.

Mzee Anton alikuwa akiishi Makorora.

Sikusema kitu kwa siku nne, na nilijisifu kwa kunyamaza. Niliingia kwenye visanduku vya simu vya Mkwaja na Amani nikiwa ofisini, nikachapa kumbukumbu za mwaka mzima. Simu arobaini na moja zilikwenda Makorora. Nikazipigia mstari kwa wino mwekundu. Zote, bila kukosa hata moja, zilikuwa za Ijumaa, kati ya saa saba kasoro na saa nane mchana.

Mnaijua Ijumaa ya duka letu. Linafungwa saa sita na robo, Waislamu tunakwenda zetu, wanaume msikitini na mimi nyumbani kwa mama, na linafunguliwa saa nane. Mzee Anton, Mkatoliki, alikuwa anarudi nyumbani kula. Nikaitazama seva yetu nayo. Kila Ijumaa ilikuwa imezimika ghafla yapata saa saba kasoro dakika kumi, na kuwaka tena saa nane. Nani aliizima? Saa saba kasoro dakika kumi Bwana Nuruddin alikuwa safu ya mbele msikitini, mbele ya macho ya nusu ya mji. Funguo zilikuwa mbili. Nilifanya hesabu ya kutoa.

Niliona kila kitu. Anapita mlango wa nyuma, anazima seva, simu za wagonjwa zinakwenda kwake, anazisikiliza, anarudi kuwasha. Kwa nini? Sikujua. Labda anauza habari za watu. Labda ni umbea wa mtu aliyezoea ubao wa simu tangu ujana. Sababu niliiona ni jambo dogo litakalojitokeza baadaye. Kuna jaribio moja rahisi ambalo sikulifanya: kukaa chumba cha nyuma Ijumaa moja tu, nile wali wangu, nione nani anaingia.

Jumamosi asubuhi niliweka karatasi mezani mbele ya Bwana Nuruddin, Mzee Anton akiwa amesimama.

"Mzee, hii mashine ya Makorora ni ya nani?" nikauliza.

"Yangu."

"Mbona haimo kwenye nyaraka?"

"Imo kwenye daftari. Nilikupa, ukaliacha mezani."

"Daftari lako."

"Ulitaka niandike kwenye daftari la nani, msomi?"

Bwana Nuruddin aliinua mkono kunikataza nisijibu. "Anton, unasikiliza simu za wagonjwa?"

"Nazisikiliza, Bwana. Mtu akipiga simu nikapokea, nitafanyaje, nizibe masikio?"

"Nani alikutuma uweke kitu hicho kwako?"

"Hakuna. Kila ubao una laini ya mwisho. Wote wasipoitika, inalia kwa mwendesha ubao mwenyewe, nyumbani. Shambani ilikuwa hivyo. Huwezi kumwacha mtu analilia hewani."

"Na nani anaizima seva yangu kila Ijumaa?"

Mzee Anton alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Hilo, Bwana, ndilo nimekuwa nikikuuliza wewe tangu mwaka jana."

Nilimwona Bwana Nuruddin akibadilika uso. Alielewa kwamba anatuhumiwa dukani kwake mwenyewe, na mimi nilielewa hivyo hivyo, na nilifurahi, kwa kuwa mwizi aliyebanwa huwageuzia wenziwe kibao. Hakuna aliyefikiri kwamba ni swali, na kwamba anayeuliza anataka jibu.

Mzee Anton alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Aliweka ufunguo mezani, juu ya karatasi zangu, na hiyo ikawa siku yake ya mwisho kazini. Daftari akanipa mimi. "Lisome mara moja moja, mwanangu," akasema. "Mwandiko mbaya, lakini hauna uongo." Nililitia kwenye droo pamoja na zile karatasi. Siku hiyohiyo nikaifuta rekodi ya tisini.

Ijumaa ya pili baada ya hapo, saa nane na nusu, simu yangu ya mkononi ililia. Ilikuwa Nesi Mwanakombo wa zahanati ya Mkwaja, mwanamke aliyewazalisha nusu ya watu wa kule na hakumwogopa yeyote kati yao. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Yule baba wa Ijumaa kaenda wapi?"

"Baba yupi?"

"Sina utani nawe mie. Ijumaa mchana nikipiga huitika baba mmoja, sauti nzito, aniambia subiri mwanangu, mara gari laja. Leo nimebonyeza mpaka kidole chaniuma. Nimempakia mja mzito kwenye gari la samaki, damu zamtoka, mpaka kivukoni Pangani. Nimekwenda kwa miguu hadi shule kukupigia hii."

"Yu hai?"

"Yu hai. Wamempokea ng'ambo, na mtoto pia. Rehema ya Mungu hiyo, ninyi hamna lenu."

Nawaandikia nilichokifikiri wakati ule, kwa sababu hamtaamini kwamba mtu aliyesoma anaweza kufikiri hivyo. Nilifikiri: kumbe kweli alikuwa akiwasikiliza, shahidi huyu hapa. Na nilifikiri: ana ufunguo wa tatu, amekuja kuizima seva kutukomoa. Mama mmoja alikuwa ametoka damu kwenye gari la samaki, nami nikaongeza jambo hilo kwenye mashtaka ya Mzee Anton.

Jumatatu tukabadili kitasa. Jumanne nikahamisha huduma yote kwenye mashine mbili za kukodi Dar es Salaam, nikaandika rekodi mbili, ya kumi na ya ishirini, zote za mashine ninazozifahamu. Tangu hapo simu za Ijumaa hazikukatika tena. Nikapongezwa. Vitu viwili nilivibadilisha kwa wakati mmoja, na tatizo likaondoka, nami sikujua ni kipi kilichoondoa. Mnafahamu ninavyowafokea mkifanya hivyo.

Ndicho kisa nilichowasimulia miaka yote hii: mzee aliyejitengenezea rekodi ya siri ili asikilize wagonjwa, na binti aliyemgundua kwa kukiuliza kikoa chenyewe. Baadhi yenu mmekisimulia kwa wengine. Kipo Makorora, kipo hospitalini. Nilisikia kwamba aliacha kuimba kwaya kanisani kwake. Nilipoambiwa sikuuliza sababu.

Mwezi uliopita, Ijumaa yangu ya mwisho, niliwaambia mtangulie kula. Nilibaki chumba cha nyuma nikifungasha vitabu. Mwanawe Bwana Nuruddin ndiye anayeendesha duka sasa, lakini mzee mwenyewe bado huja na fimbo yake, hukaa penye mlango, na hakuna anayethubutu kumnyang'anya kazi ya kufunga.

Saa sita na robo taa ikazimika. Nikasikia feni inapunguza mwendo.

"Umeme umekatika, Bwana?"

"Nani yumo humo?" Sauti yake ilitoka ukutani, kule kwenye swichi kuu. "Haujakatika. Nimezima. Nilidhani mmetoka nyote, leo Ijumaa."

Nilisimama na kitabu mkononi. "Huwa unazima?"

"Kila Ijumaa. Duka la baba liliungua Pangani, waya ulishika moto sisi tuko kwenye sala. Toka hapo akasema, likifungwa duka na umeme ufungwe."

"Mbona siku nyingine huzimi?"

"Siku nyingine mchana mnakula humu. Niwazimie feni, mnitukane? Usiku yuko mlinzi, moto atauona."

"Na seva, zamani, ilipokuwa juu ya meza hii?"

"Seva ina betri," akasema, kama mtu anayemweleza mtoto. "Si ninyi mlionisumbua, wewe na Anton, ninunue betri ili umeme ukizimwa isizimike? Nikanunua."

Betri ile niliipima mwenyewe siku ilipofungwa. Ilibeba seva dakika thelathini na tano. Saa sita na robo, ongeza dakika thelathini na tano. Wakati huo Bwana amekwisha kutia udhu, amekaa safu ya mbele. Saa nane yeye ndiye anayefika wa kwanza, anainua swichi, seva inawaka yenyewe, kisha anafungua mlango nasi tunaingia. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na nilikuwa na namba zake zote tangu mwaka wangu wa tatu.

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, na alinielewa kabla sijamaliza. Akajishikiza kwenye fimbo, akakaa kwenye kiti cha wateja, gizani.

"Anton aliniuliza," akasema. "Mwaka mzima aliniuliza, Ijumaa kuna nini dukani. Nami nikadhani ananichimba."

Hakwenda msikitini siku ile. Mwanawe alirudi akamkuta palepale.

Mzee Anton yuko Muheza, ana machungwa yake, na simu haipokei kwa namba asizozijua. Bwana Nuruddin anataka twende wote wawili. Tutakwenda, na shikamoo yangu nitaianzia mbali, nisije nikakosa sauti nikifika. Sijui kama ataitika. Wakati huohuo, ninyi mliokisikia kisa kutoka kwangu, rudini kwa wale mliowasimulia, mkianzia Makorora na hospitalini, muwaambie alikosea binti. Hilo ndilo ninalowaachia kama kazi. Hayo mengine yamo kwenye nyaraka. Siwaambii mwache kushuku. Rekodi isiyoandikwa mahali pa wote, inayoelekea nyumbani kwa mtu, ulizeni hata kesho. Mkishauliza, basi mngojee jibu.

Nilipofika nyumbani jioni ile nililitoa daftari nililolifungasha na vitabu, nikazitoa na zile karatasi zilizokuwa pamoja nalo, wino mwekundu umefifia. Miaka yote nilikuwa nimesoma safu tatu za kwanza tu za karatasi hizo: tarehe, saa, na simu ilikokwenda. Simu haiwezi kufika kwa wa tisini kama wa kumi ameitika. Kwa hiyo zile arobaini na moja nilizozihesabu dhidi yake zilikuwa simu ambazo sisi tulishindwa kuzipokea.

Kuna safu ya nne, ambayo sikuwahi kuigusa. Kisanduku cha simu huandika humo ni sekunde ngapi mpigaji alisubiri kabla ya kuitikiwa. Nimezisoma zote. Hakuna iliyokosa kuitikiwa, na iliyosubiri zaidi ilisubiri sekunde tisa.